Miaka Sabini ya Redio ya Uganda, Ikisikilizwa kutoka Mpakani

Mwaka 2024 utangazaji wa taifa la Uganda ulitimiza miaka sabini tangu serikali ya kikoloni ilipouanzisha mjini Kampala mwaka 1954, na kwa kuwa tarehe za taasisi kubwa aghalabu huandikwa na wale walioketi karibu na kiti cha mkurugenzi, wakahesabu mitambo, majengo na majina ya mawaziri waliokata utepe, tumeona inafaa tarehe hii iandikwe pia kutoka ukingoni mwa nchi, yaani kutoka Tororo na Busia, ambako raia huzisikia dola mbili kwa masikio yale yale, na ambako swali la nani apewe nafasi ya kusema hadharani, na kwa lugha ya nani, lilikuwa swali la kila nyumba iliyokuwa na redio ya betri juu ya kabati.

Mpaka wenyewe una umri mdogo kuliko watu unaowagawa. Hadi mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilifika mpaka Naivasha, kisha kwa amri iliyotoka mbali jimbo hilo likahamishiwa upande wa pili, na Wasamia waliolala Waganda wakaamka baadhi yao ni wa himaya nyingine, ilhali makaburi ya babu zao, mashamba ya wakwe zao na masoko yao yamebaki ng'ambo ya mstari. Yaliyowapata Wasamia yaliwapata na Wateso, walioenea kutoka Soroti mpaka Amukura na Malaba. Na katikati yao wote wakaa Wajopadhola wa Tororo, ambao lugha yao, Dhopadhola, ni ya Kijaluo na jirani zao karibu wote husema nyingine, na Wanyole, na Wagwe, na wafanyabiashara wa Kihindi, na Wanubi wenye Kiarabu chao, na makarani wa reli waliofika njia ya chuma ilipopitishwa hapo kuelekea Jinja na Kampala, ikaacha tawi la Mbale na Soroti chini ya lile jabali la Tororo linaloonekana kutoka nchi mbili.

Katika mchanganyiko huo serikali ya Waingereza iliingia kwa ulimi wa kuazima. Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyehamia mashariki mwishoni mwa karne ya 19, aliweka mawakala wake katika nchi iliyoitwa Bukedi, na kwa miaka mingi Kiluganda ndicho kilichotumika barazani, kanisani na mahakamani, hata mzee wa Kijopadhola aliyeshtakiwa kwa kesi ya ng'ombe wake mwenyewe alilazimika kumngoja mtu wa tatu amwambie ameshtakiwa nini. Huyo mtu wa tatu, tarjumani, ndiye mwanzo wa kila tulichonacho leo katika kazi ya mawasiliano ya mpakani. Alisimama baina ya hakimu na mshtakiwa, baina ya padri na mwombaji, baina ya bwana shauri na umati uliokalishwa chini ya mti. Alitakiwa asiongeze wala asipunguze, na jina lake halikuandikwa popote, kwa maana kumbukumbu za baraza huandika kwamba chifu alisema na wazee wakajibu, kana kwamba maneno yalivuka yenyewe. Atakayeisoma tarehe ya redio bila kumjua tarjumani huyo ataona mitambo tu.

Redio ya Uganda ilizaliwa katika wakati wa fitina. Mwishoni mwa Novemba 1953 gavana alikuwa amempeleka Kabaka Mutesa II wa Buganda uhamishoni Uingereza, nchi imechafuka, na serikali ikaona kwamba imekosa sauti yake yenyewe ya kuwafikia watu moja kwa moja. Kenya ilikuwa imetangulia: Nairobi ilikuwa na utangazaji tangu 1928, kwanza kwa ajili ya walowezi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili zikaongezwa lugha za Kiafrika ili wazazi wapate habari za vijana wao walioandikwa jeshini. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, wakati Kampala inaanza, Mombasa ilikuwa na Sauti ya Mvita, na Kisumu ikapata kituo chake kwa ajili ya watu wa pande za Ziwa. Basi mtu wa Busia alijikuta baina ya Kisumu na Kampala, kila mmoja akimwita raia wake. Kampala ilianza kwa Kiingereza na Kiluganda, kisha lugha nyingine zikaingia moja baada ya nyingine, na utaratibu wa kuingia kwake haukuwa wa haki sana: lugha yenye wasomi wengi na wabunge wenye makelele ilitangulia, na lugha ya watu wachache ilingoja.

Hapa hatuna budi kuitaja familia moja ya Samia, kwa sababu ndani yake tarehe yote hii ya kusema na kusikika yaonekana kwa pamoja. Kasisi Jeremiah Awori alikuwa miongoni mwa makasisi wa mwanzo wa Kianglikana wa sehemu hizo, na mhubiri wa zama zake alikuwa ndiye khatibu wa kwanza aliyesikilizwa na watu wa koo mbalimbali kwa pamoja, kwa hiari yao, bila askari kusimama nyuma yao. Mwanawe Wycliffe, aliyejulikana kwa herufi tatu za W.W.W. Awori, alihariri Radio Posta, gazeti la Kiswahili lililotoka Nairobi katika miaka ya mwisho ya 1940, akashika hazina ya chama cha KAU (Kenya African Union), na mwaka 1952 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Yafaa kukumbuka kwamba gazeti lile lilijipa jina la redio wakati ambapo Mwafrika mwenye chombo hicho nyumbani alikuwa nadra. Maana yake hamu ya kusikika ilikitangulia chombo. Ndugu yake Moody, aliyezaliwa 1927, alikuwa mbunge wa Funyula kwa miaka mingi, na tangu 2003 hadi mwanzoni mwa 2008 akawa Makamu wa Rais wa Kenya. Ndugu mwingine, Aggrey, aliyekimbia kwa ajili ya Uganda katika michezo ya Olimpiki ya Roma 1960 na Tokyo 1964, aliongoza Televisheni ya Uganda tangu 1967 mpaka majeshi yalipotwaa serikali mwaka 1971. Baadaye akawa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, akagombea urais wa Uganda mwaka 2001, akawa waziri wa habari na teknolojia ya mawasiliano tangu 2009 hadi 2011, na akafariki Julai 2021. Tumbo moja, mawaziri wa nchi mbili: atakayetaka kujua kwa nini redio ya mpakani haiwezi kusema na taifa moja peke yake, na aitazame nasaba hiyo.

Januari 1960 zilizuka ghasia katika wilaya ya Bukedi na kwa majirani zao wa Bugisu, kwa sababu ya kodi na namna ilivyokadiriwa, na kwa chuki waliyokuwa nayo watu juu ya machifu. Watu waliuawa na nyumba za machifu zikachomwa. Tume ikaundwa, ripoti ikaandikwa. Kwa maoni yetu, pamoja na uzito wa kodi yenyewe, msiba ule ulikuwa pia msiba wa mawasiliano: serikali ilikuwa na redio tangu miaka sita nyuma, ina makarani na magari ya sinema ya kuzunguka vijijini, wala haikuwa na njia ya kusikia. Barazani chifu alisema na watu wakaitikia, na kuitikia kule kukahesabiwa kuwa ni kukubali.

Baada ya uhuru idadi ya lugha ilikua, hata Redio Uganda ikafika kutangaza kwa lugha zaidi ya ishirini, jambo ambalo mataifa mengi tajiri hayakulijaribu. Palijengwa mitambo ya masafa ya kati Butebo, kaskazini ya Tororo, na kwa njia hiyo watu wa mashariki wakapata idhaa yao, wakisikia Kiteso, Kimasaba, Dhopadhola, Kisamia, Kinyole na Kigwere kwa zamu. Ng'ambo ya pili Sauti ya Kenya, iliyopata jina hilo Julai 1964, ilikuwa na lugha za magharibi kutoka Kisumu, na Kiteso kikiwamo, hata ikawa Mteso wa Amukura aweza kuisikia lugha yake kutoka serikali mbili kwa siku moja.

Tuieleze kazi yenyewe ilivyokuwa, maana wasikilizaji wengi hawakupata kuiona. Habari ziliandikwa Kampala kwa Kiingereza, katika chumba kimoja cha habari, zikapigwa chapa na nakala zikagawiwa watangazaji wa lugha mbalimbali. Mtangazaji alipokea karatasi zake pengine muda mfupi kabla ya zamu yake, zina bajeti ya serikali, mkutano wa wakuu wa nchi, bei ya pamba, na onyo la kipindupindu. Naye, kwa kalamu pembezoni mwa karatasi, au kichwani tu kama muda haukutosha, aligeuza yote hayo kuwa lugha ambayo haikuwa na kamusi ya mambo ya fedha wala ya sheria, akaingia studio, akasoma kwa utulivu kama mtu aliyeandikiwa tangu jana. Aliyekosea jina la waziri alijua atakavyoitwa asubuhi. Aliyechagua vibaya namna ya kueleza ugonjwa wa zinaa alijua mama yake mzazi anamsikiliza huko Kisoko au Nagongera pamoja na wakwe. Kazi hii ilidai fasaha ya khatibu, uaminifu wa tarjumani na wepesi wa karani, na mshahara wake ulikuwa wa karani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza mbali na kwao, katika jiji lisilojua wanalosema, mbele ya wakubwa wasioweza kupima kama wamesema vizuri au vibaya, na waliowajua na kuwapenda walikuwa maili zaidi ya mia kutoka hapo, hawana barua ya kuwatunza.

Na kipindi kilichosikilizwa kuliko vyote hakikuwa habari wala muziki. Kilikuwa matangazo ya vifo. Mtu akifariki hospitali ya Tororo, jamaa walikwenda kulipia tangazo, na tangazo lilikuwa na kanuni zake: kwanza jina la marehemu na la baba yake, kisha ukoo, kisha kijiji na jina la mtu anayejulikana hapo ili asije akachanganywa na mwingine, kisha orodha ya wanaoarifiwa, mmoja mmoja, kwa majina na mahali walipo, Mulanda, Mella, Lumino, na kwa Wasamia na Wateso orodha ikavuka mpaka bila kubisha hodi, ikataja shangazi aliyeolewa Nambale, kaka anayefanya kazi kiwanda cha sukari Mumias, mjomba wa Funyula, mwisho siku ya mazishi na saa. Mtangazaji alisoma polepole, akarudia, maana alijua kwamba katika nyumba fulani mtu ameshika penseli, na katika nyumba nyingine watoto wamekaripiwa wanyamaze. Betri zilizochoka zilikuwa zimeanikwa juani tangu adhuhuri kwa ajili ya saa ile. Hatujui heshima kubwa zaidi ambayo taasisi ya umma yaweza kumpa raia asiye na cheo kuliko kulitamka jina lake kamili, kwa lugha ya mama yake, kwa sauti ile ile iliyomtaja rais dakika chache kabla.

Sauti ile ile ilitumika pia kutisha. Tarehe 25 Januari 1971 askari alisoma Redio Uganda sababu kumi na nane za kuiangusha serikali ya Rais Milton Obote, na tangu hapo wananchi wakazoea kujua kwa mlio wa muziki wa kijeshi kwamba kuna jambo. Mwaka 1973 Idi Amin, aliyeshika madaraka kwa mapinduzi hayo, akakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, jambo ambalo kwa mtu wa Busia halikuwa geni, kwa sababu sokoni na barabarani alikuwa anakisema tangu zamani, ila kwa Waganda wengi wa katikati kilikuwa lugha ya kambi na bunduki; na sisi tunaokipenda Kiswahili yatupasa kukiri kwamba alama ile ya bunduki ilikichelewesha miaka mingi, hata ikaja katiba iliyorekebishwa 2005 kukiweka kuwa lugha rasmi ya pili, na baraza la mawaziri la Julai 2022 kulitilia jambo hilo mkazo. Februari 1976 Amin alidai hadharani kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa haki ya Uganda, akiutaja ule mgawanyo wa 1902, na Wakenya wakaandamana kwa hasira. Na Desemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walipigana risasi hapo hapo Busia, mpaka ukafungwa. Katika siku kama hizo serikali mbili zilitoa maelezo mawili, na msikilizaji aliyekuwa na ndugu pande zote aligeuza kifundo cha redio huku na huku, akatafuta ukweli katikati.

Mwaka 1993 serikali ya Uganda ililegeza kamba, zikaanza Radio Sanyu na Capital Radio mjini Kampala, na katika miaka michache hewa ikajaa vituo. Jambo lililotuvutia sisi kuliko muziki wao ni ile mijadala ya hadhara iliyoitwa ebimeeza, iliyoanzishwa na Radio One mwaka 2000 katika baa moja ya Kampala na kuigwa na vituo vingine: watu waliketi wazi, mwenyekiti akawapa zamu, na fundi baiskeli akasimama baada ya wakili akasema dakika zake, huku nchi nzima yasikia. Ilikuwa shule ya khutuba isiyo na karo. Mwanafunzi wa siasa alijifunza hapo kwamba hoja isiyo na adabu huzomewa, na mwanamke aliyezoea kukaa nyuma barazani aliweza kuandikisha jina lake na kuitwa. Haikuwa kamili, kwa maana waliozoea kusema walisema zaidi. Lakini ilikuwa kinyume cha baraza la 1960, maana hapa kuitikia hakukutosha. Septemba 2009, baada ya ghasia za Buganda, serikali ilifunga redio kadhaa, CBS ya ufalme wa Buganda ikiwamo, na kupiga marufuku mijadala hiyo ya nje. CBS ilirudi hewani mwaka uliofuata. Ebimeeza hazikurudi kama zilivyokuwa, na hasara hiyo haijalipwa.

Redio ya taifa, nayo ikiwa imeunganishwa na televisheni na kuwa Shirika la Utangazaji la Uganda (UBC) mwaka 2005, iliwakuta watoto wake wa pembeni wameshahamia kwingine. Tororo ilikuwa na Rock Mambo. Upande wa Kenya Wateso walipata Emuria FM. Budalangi, ambako Mto Nzoia hufurika na kuvunja kingo, ilipata Bulala FM kwa msaada wa idara ya hali ya hewa, na hapo mtangazaji wa lugha ya nyumbani akawa ndiye mwenye kuwaambia watu wahame kabla ya maji. Kampala wanawake wa vyombo vya habari walianzisha Mama FM mwaka 2001, na vijana wa kike wa mashariki wakaona kwamba kiti cha mtangazaji mkuu si cha kaka zao tu. Vituo hivi vina matangazo mengi ya biashara na mishahara haba, na baadhi ya wenye kuvimiliki ni wanasiasa. Hata hivyo vimefanya kitu ambacho Kampala haikupata kukifanya, yaani kumweka mtangazaji katikati ya wasikilizaji wake, wanaoweza kumsimamisha njiani na kumwambia leo ulikosea jina la baba yangu.

Katiba ya Uganda ya 1995 iliorodhesha jamii 56 za asili, na marekebisho ya 2005 yakazifikisha 65. Wajopadhola, Wateso, Wasamia, Wagwe na Wanyole wamo. Katiba hiyo iliahidi pia kuikuza lugha ya ishara ya viziwi, na Kenya ikaweka ahadi kama hiyo katika katiba ya 2010. Basi kwa maandishi kila mtu ametambuliwa. Fani ya mawasiliano nayo ilijijengea nyumba zake: shule ya uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, chama cha wataalamu wa uhusiano wa umma cha Kenya mwaka uliofuata, na mwaka 1975 shirikisho la vyama hivyo vya Afrika likaundwa Nairobi hapo hapo, Makerere ikaanza kufundisha mawasiliano ya umma mwaka 1988. Nyumba hizi zimeleta nidhamu, kanuni na heshima, nasi hatuzidharau. Ila tukizitazama karamu za tuzo, ambako watu huvaa vizuri na hotuba husomwa, twaona kwamba kazi ihukumiwayo aghalabu ni ile iliyofanywa kwa Kiingereza, na baada yake kwa lugha kubwa, kwa sababu nyepesi kwamba waamuzi wanaifahamu. Hakuna mwamuzi wa Dhopadhola mezani. Mtu aliyegeuza habari za janga la ukimwi kwa Kinyole miaka kumi mfululizo, akafanya watu wasikimbie zahanati, hana pa kupeleka kanda yake. Na mkalimani wa ishara anayesimama pembeni ya kiwambo cha televisheni hupewa kidirisha kidogo kiasi kwamba kiziwi hulazimika kusogeza kiti.

Dawa yake si ngumu wala haina gharama kubwa. Shirika la Utangazaji la Uganda lina orodha za zamu na vitabu vya malipo. Ndani yake mna majina ya watangazaji wa idhaa ya mashariki, na wengi waliosoma pale zamani wamestaafu, na wengine wametangulia mbele ya haki. Majina hayo yakusanywe yote, ya lugha zote, pamoja na kanda zilizosalia, na nakala zake ziwekwe Tororo na Busia za pande zote mbili, mahali ambapo mwanafunzi wa shule aweza kuingia na kusikiliza bila kibali cha Kampala wala cha Nairobi. Vyama vya fani viwaite wazee wa kila lugha wawe waamuzi wa tuzo za lugha hiyo. Na kwa kuwa Wasamia na Wateso ni wa nchi mbili, kazi hiyo ifanywe na mashirika mawili kwa pamoja, UBC na mwenzake wa Kenya, KBC, na ianze kwa walio hai.